Chura wa sumu na dome: shemeji anasema ni wale wale, mimi nimekataa

Mjukuu wa Kigombe (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Wiki mbili zilizopita tulikuwa msibani Muheza. Baada ya maziko wanaume tumekaa mkekani, maneno yamekwisha, shemeji yangu akatoa simu akaanza kutuonyesha video. Ya kwanza chura wa njano, mdogo kama kidole gumba, ametulia juu ya jani mchana kweupe kana kwamba msitu mzima ni wa baba yake. Ya pili dome, anapita juu ya matumbawe huku rangi zinamkimbia mwilini kama vivuli vya mawingu. Shemeji akafunga simu akatoa hukumu: "Hawa ni wale wale. Wote wanajipaka rangi kutisha maadui."

Nikamwambia hapana shemeji, hao wawili kazi zao zinapingana. Tukabishana mpaka mzee mmoja akatuuliza kama tumekuja kuzika au kuuza vyura. Tukanyamaza. Sasa ubishi nimeuhamishia huku.

Kwanza jina, maana najua mtanivamia. Kwetu ngisi ni yule mwembamba mrefu mwenye mapezi mawili mkiani. Dome ni yule mpana, pezi limemzunguka kama pindo la kanga, na ndani ana lile ganda jeupe jepesi ambalo wafuga kasuku hulitundika kwenye tundu ndege anolee mdomo. Pweza ni wa tatu, leo hahusiki.

Haya, chura. Yule wa njano wataalamu wanamwita Phyllobates terribilis. Kwao ni kipande kidogo tu cha msitu wa mvua upande wa Pasifiki wa Kolombia. Jina hilo, terribilis yaani wa kutisha, alipewa mwaka 1978, na waliompa hawakuwa wanatania. Ngozi yake ina sumu iitwayo batrakotoksini, kama miligramu moja hivi kwa chura mmoja, na makadirio ni kwamba inatosha kuua watu 10 na chenji ikabaki. Waembera, wenyeji wa misitu ile, wanasugua ncha ya mshale mgongoni mwa chura aliye hai, kisha wanamwachia aende zake. Mshale wenyewe hupulizwa kwa mrija mrefu. Jamaa zake wenye sumu hafifu ndio wanaopata tabu: hao huchomwa kijiti na kusogezwa motoni ili jasho la sumu litoke.

Namna sumu inavyoua inatisha. Kwenye neva na misuli kuna vilango vya kupitisha sodiamu, vinafunguka na kufungika kila mwili unapotuma taarifa. Batrakotoksini inavishikilia wazi. Havifungi tena. Taarifa hazipiti, misuli inakakamaa, moyo unapoteza mpigo wake. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini hakuna.

Na hapa ndipo nilipokamatika mimi: chura mwenyewe haitengenezi hiyo sumu. Anaila. Inatoka kwa sisimizi, utitiri, mbawakawa wadogo anaowaokota chini ya majani makavu. Wanaozaliwa kwenye tangi la kioo wakalishwa nzi wa matunda hawana sumu kabisa. Lakini rangi inabaki njano ile ile.

Dome sasa. Ngozi yake ina vijifuko vya rangi kwa mamilioni, kila kimoja kimezungukwa na vimisuli, na vimisuli hivyo vinaamrishwa moja kwa moja na ubongo. Misuli ikivuta, kijifuko kinatanuka kuwa doa. Ikilegea, kinasinyaa kuwa nukta usiyoiona. Chini ya vijifuko kuna matabaka yanayoakisi mwanga, ndiyo yanayoleta ule mng'ao wa kijani na weupe kama chokaa. Juu ya hayo anaweza kuinua vinundu vya ngozi akafanana na mwani. Yote hayo chini ya sekunde moja.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: chura kabandika bango, dome anaongea. Bango halibadiliki, na halimsaidii chura kama adui hajui kulisoma; ndege aliyewahi kuonja akatema ndiye analiheshimu. Dome anachagua la kusema kwa kila anayekuja. Walishawajaribu madome wa Ulaya: akija samaki anayewinda kwa macho, dome anatoa madoa mawili meusi mgongoni kama macho makubwa, kumshtua. Akija papa mdogo au kaa, ambao wanawinda kwa kunusa, hahangaiki na picha. Anakimbia. Anajua nani wa kuonyeshwa na nani wa kukimbiwa.

Na muda mwingi wa maisha yake dome anachotaka ni asionekane kabisa. Chura anataka aonekane na kipofu. Sasa shemeji ananiambiaje ni wale wale?

Karibuni.

Sisimizi Mweusi

Naweka kambi. Shemeji naye aitwe ajitetee, msihukumu mtu hayupo.

Bint Makunduchi

Kaka unatuonea na hayo majina. Mama yangu akisema ngisi anamaanisha chochote chenye wino kitakachomchafulia sufuria. Dome nimelisikia kwa babu tu.

Halafu umeandika weee, wino hujaugusa! Mimi ndiye ninayeosha hao wadudu, kile kifuko kikipasuka kwenye sinki ni msiba mwingine. Chura ana nini cha kulinganisha na wino? Na swali la pili: huyo dome wako hana sumu hata kidogo?

Kichwa Maji

Mkuu dome ana mikono minane na minyiri miwili mirefu, mioyo mitatu, damu ya bluu. Chura ana miguu minne na moyo mmoja kama mimi. Ni kama kulinganisha bajaji na jahazi. Uzi ufungwe.

Ticha Kidato cha Pili

Uzi usifungwe, na Bint Makunduchi kauliza swali zuri kuliko la mleta uzi.

Dome ana sumu. Iko kwenye mate. Anapomkamata kaa anamng'ata kwa mdomo wake unaofanana na wa kasuku, mate yanaingia, kaa anapooza. Tatizo letu Kiswahili kinaita vyote sumu: ile inayodungwa kwa jino au mwiba, na ile inayokungoja wewe uile au uiguse. Nyoka anakupelekea. Chura huyu wa Kolombia hakupelekei kitu, hana jino la kazi hiyo wala mwiba, umemfuata mwenyewe. Kwa hiyo dome ana sumu ya kuwindia na chura ana sumu ya kujilinda. Nikifundisha nasema tu "sumu ya kudunga" na "sumu ya kuliwa", wanafunzi wanaelewa.

Ila kuna dome mmoja wa kaskazini mwa Australia, Nyugini na Indonesia, jina la kitaalamu pfefferi, mdogo wa kukaa kiganjani. Huyu haogelei sana, anatembea chini kwenye matope mchana, na akibughudhiwa anawaka zambarau, njano na nyekundu kama taa za harusi. Na inaelezwa kuwa nyama yake ina sumu. Huyo sasa anamkaribia sana chura. Mleta uzi asimsahau.

Wino: ni melanini, rangi ile ile inayotupa weusi wa ngozi na nywele. Wazee wa Ulaya waliuandikia, na ile rangi ya kahawia ya picha za zamani, sepia, imepata jina kwa mnyama huyu. Kazi yake baharini ni kuacha moshi mweusi adui aushambulie moshi, mwenyewe ameshaondoka kwa kurudi nyuma. Chura hana kitu kama hicho wala hakihitaji. Anayekimbia ndiye anayehitaji moshi.

Mzee wa Dema

Wanangu nimesoma taratibu. Mimi ni mvuvi wa dema tangu nikiwa kijana, nitasema niliyoyaona.

Dome anaingia demani bila chambo. Ukilitoa unamkuta mweupe kama karatasi, ukimgusa anakuwa mwekundu wa kahawia, ukimweka kwenye ngalawa anajaribu kuiga mbao. Nasema kweli. Anakuwa na michirizi. Akishakufa rangi hazizimi papo hapo, zinaendelea kucheza mwilini kama taa inayokatika umeme, moja moja, mpaka zinakwisha. Kijana wangu wa kwanza alikataa kumla kwa sababu hiyo, akasema bado anaongea.

Mayai huyafunga kwenye dema kama zabibu nyeupe. Tukiyakuta tunayarudisha majini na kijiti chake. Hatukufundishwa na mradi wowote, baba alifanya hivyo.

Chura wa njano simjui.

Mjukuu wa Kigombe

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuiga mbao imenimaliza. Na hayo mayai: ya dome wa Ulaya ni meusi, kwa sababu mama anayapaka wino. Ya huku kwetu ni meupe kama ulivyosema.

Tena watoto wake wakiwa bado ndani ya yai wanaona nje. Walijaribu kuweka kaa wadogo karibu na mayai, watoto walipototolewa wakapendelea kuwinda kaa. Walianza shule kabla ya kuzaliwa.

Bint Makunduchi

Sasa hapo ndipo penye mambo. Nani mzazi bora kati yao?

Ticha Kidato cha Pili

Chura, bila kupiga kura. Kuna kichura chekundu cha Amerika ya Kati, Oophaga pumilio, urefu sentimita mbili hivi. Mama anabeba kiluwiluwi mgongoni, anapanda nacho mtini, anakiweka kwenye maji ya mvua yaliyotuama katikati ya majani ya mmea. Kila mtoto na chumba chake. Halafu anawazungukia siku baada ya siku na kuwatagia mayai yasiyorutubishwa wale. Na mayai hayo yana sumu ndani, kwa hiyo mtoto anapata chakula na ulinzi kwa pamoja.

Dome anataga na kufa. Anaishi mwaka mmoja au miwili basi. Mtoto anatoka kwenye yai yatima, mkubwa kama ukucha, na siku ile ile anajua kujificha. Chura wa sumu akitunzwa anapita miaka 10.

Ndiyo maana hii hoja ya "dome ana akili kuliko" inanisumbua kidogo. Anajifunza haraka kweli. Mwaka 2021 lilitoka jaribio lililofanyika Woods Hole, Marekani: dome anaonyeshwa vyakula viwili, kimoja kinapatikana sasa hivi na kingine kitamu zaidi akisubiri. Walisubiri kati ya sekunde 50 na 130. Wanangu mbele ya ubuyu hawafiki 10. Lakini akili yote hiyo ni ya kuishi miezi kumi na kitu, wala hakuna wa kumrithisha.

Kichwa Maji

Narudi. Kuna kitu nimesoma nikahisi ni uzushi: eti dome haoni rangi. Mnyama anayebadilika rangi kuliko wote duniani haoni rangi? Nani kamshonea nguo?

Ticha Kidato cha Pili

Si uzushi. Jicho lake lina aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, wewe unazo tatu za kuonea rangi. Wakatengeneza sakafu ya miraba ya bluu na njano, lakini mwangaza wa bluu na wa njano umelinganishwa sawasawa. Dome akaivalia ngozi ya sakafu tupu isiyo na miraba, kwa sababu miraba hakuiona. Ukimwekea miraba ya weusi na weupe anatoa hadi mraba mweupe mgongoni.

Kwa hiyo anafuata mwangaza, kivuli, kingo za vitu, ukubwa wa mawe. Halafu rangi inakubaliana na mazingira kuliko tungetegemea kwa mtu asiyeziona. Wataalamu wanaendelea kubishana inawezekanaje.

Msukuma Mkokoteni

Mimi nimekuja kwa ajili ya ile methali. Mficha uchi hazai. Naambiwa dome amelipinga hili.

Mjukuu wa Kigombe

Hahaha, nilitaka kuliacha kwa heshima ya wazee waliomo.

Kusini mwa Australia, karibu na mji wa Whyalla, kila majira ya baridi yao madome wakubwa wa Australia hukusanyika kwa maelfu kupandana. Madume ni mengi kuliko majike, unaweza kukuta manne au zaidi kwa jike mmoja. Dume kubwa linamlinda jike wake, limejitanua, michirizi inakimbia mwilini, ole wako usogee. Dume dogo haliwezi vita. Linachofanya ni kuvaa madoa ya jike, linakunja mikono yake kama jike mwenye mayai, linapita mbele ya macho ya bwana mkubwa pole pole. Bwana mkubwa anadhani kapata mke wa pili. Wino wote wa dunia hautoshi kuandika aibu hiyo. Kadogo kanafika kwa jike, kanamaliza shughuli, kanaondoka.

Kwa hiyo mficha uchi anazaa. Wahariri wa methali wajue.

Na hii ndiyo tofauti ninayoisema. Dome anaweza kudanganya kwa sababu rangi yake inaondoka. Chura hawezi kukuambia jambo jingine.

Mtoto wa Handeni

Nimesita kuandika ila ngoja. Mnaongelea Kolombia kama vile kwetu hakuna chura wa hivyo. Utotoni tulikuwa na chura mweusi mwenye mistari myekundu, haruki, anatembea kama mzee, anapenda vichuguu. Mimi na kaka yangu tukamweka kwenye ndoo pamoja na vyura wa kawaida. Asubuhi wale wengine wote wamekufa, yeye yupo anatuangalia. Mikono ilikuwa na michubuko ya kukata kuni, ikavimba, kichwa kikauma siku nzima. Bibi alitusugua majivu na matusi.

Ticha Kidato cha Pili

Huyo anaitwa Phrynomantis bifasciatus, anapatikana kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini. Hatoki ukoo wa vyura wa Kolombia hata kidogo, lakini mavazi ni yale yale na chakula ni kile kile: sisimizi na mchwa. Mnavyoeleza dalili ndivyo zilivyo. Usimguse ukiwa na kidonda.

Na Madagaska wapo Mantella, vichura vya njano, chungwa na nyeusi, ukiwaweka meza moja na wale wa Amerika utasema ni ndugu wa tumbo moja. Siyo. Bahari na mamilioni ya miaka iko katikati. Wote waliangukia ujanja ule ule: kula wadudu wenye sumu, hifadhi kwenye ngozi, vaa rangi kali. Hata huko Nyugini kuna ndege, pitohui, mwaka 1992 wataalamu walimkuta na batrakotoksini ile ile kwenye manyoya na ngozi. Naye anaipata kwa mbawakawa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hizo sumu hazina faida hospitalini?

Ticha Kidato cha Pili

Ipo iliyokaribia. Epibatidini, kutoka kwa kichura cha Ekwado kilichokusanywa mwaka 1974. Ilichukua hadi 1992 umbo lake kutangazwa, kwa sababu walikuwa na tone tu. Inazuia maumivu kama mara 200 kuliko mofini, na haipiti njia ya mofini. Tatizo kipimo kinachotibu na kinachoua vimekaa kitanda kimoja. Wakajaribu kutengeneza nduguye asiye na ukali huo, haikufika dukani.

Mbongo Toronto

Salamu toka baridini. Jirani yangu wa ghorofa ya chini anafuga hao wa njano wanne kwenye tangi, tena hao hao terribilis. Nilipoingia kwake mara ya kwanza nilisimama mlangoni. Akacheka, akaniambia hawa wamezaliwa Kanada, wanakula nzi wa matunda, hawawezi kumdhuru hata kunguni.

Sasa nimesoma hoja ya mkuu, bango na maongezi, chura hawezi kudanganya. Hao wanne mbona wanadanganya? Bango linasema hatari, ndani hamna kitu. Nikimweka paka asiyejua kusoma, chura kaliwa.

Mjukuu wa Kigombe

Mkuu wa Toronto umenibana vizuri. Nakubali, ila hadanganyi yeye. Rangi amerithi, sumu ilipaswa kuja na chakula, sisi tumembadilishia chakula. Dome anapojifanya jike anajua anachofanya, au walau ubongo wake umetoa amri hiyo dakika hiyo. Huyo wa kwenye tangi kavalishwa sare ya askari bila bunduki.

Na ngoja niseme lingine kabla Ticha hajanikamata, maana nimelichimba jana usiku na linanidhoofisha. Kuna chura wa Guyana ya Kifaransa na jirani zake, Dendrobates tinctorius, njano na nyeusi na bluu. Mwaka 2018 walipima jinsi anavyoonekana kwa umbali mbalimbali. Ukiwa karibu, anapiga kelele kama kawaida. Ukirudi nyuma, michirizi ya njano inachanganyika na majani makavu, anapotea. Kwa hiyo bango lake linasomeka na aliyekaribia tu. Wa mbali hajui kama kuna bango. Nilisema chura anataka aonekane na kipofu. Kwa huyu naondoa neno.

Bint Makunduchi

Kaka umeanza kurudi nyuma kama dome. Bado wino.

Shemeji Mwenyewe

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu tu. Nimetumiwa na watu watatu.

Kwanza mkekani sikusema "wanajipaka", nilisema "wanatumia". Pili, nimehesabu: Ticha kamleta dome mwenye sumu na rangi za kutisha. Mleta uzi mwenyewe kamleta chura anayejificha kwa mbali. Na yale madoa mawili kama macho ya kumshtua samaki, hayo si kutisha adui kwa rangi? Umeyaandika wewe kwa mkono wako. Nilichosema msibani ndicho mlichokithibitisha kwa kurasa zote hizi.

Naomba radhi yangu iandikwe kwa herufi kubwa.

Mjukuu wa Kigombe

Shemeji karibu jukwaani. Dome mmoja wa Nyugini na chura mmoja wa Guyana hawafuti jamii nzima. Ni kama kusema watu wote wa Muheza wanauza machungwa kwa sababu wewe unauza.

Shemeji Mwenyewe

Wengi wetu tunauza.

Mzee wa Dema

Acheni kubishana mtandaoni, watoto wanasoma. Jumamosi nikipata dome mzima nitamleta kwenye ndoo, mtamwekea mkeka chini na kila mtu ataona anavaa nini.

Mjukuu wa Kigombe

Mzee, arobaini bado siku 26. Atafika hai?

Mzee wa Dema

Huyo hatafika. Nitakwenda kumtafuta mwingine alfajiri ya siku hiyo. Ndoo mtaniletea nyinyi.